Ndala Zisizolingana

Asubuhi ile ya mizinga, baba yake Mwanamkasi alitoka mbio amevaa ndala moja yake na moja ya mkewe, yenye maua. Hakurudi, wala matanga hayakuwekwa. “Mume asiyezikwa bado ni mume,” mama alisema miaka yote.

Sasa picha za vita zilitundikwa ukumbini, na Mwanamkasi alimwongoza mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Mbele ya picha ya watu waliofunikwa turubai, Mwanamkasi alisimama ghafla. Mguu mmoja uliochomoza ulikuwa umevaa ndala ndogo yenye maua, kisigino kikining’inia nje.

“Hapa pana nini, mwanangu?”

“Watu wamelala, mama.”

“Wamevaa nini miguuni?”

Kidole cha mama kilikuwa tayari juu ya kioo, kikishuka polepole kwenye turubai, kuelekea miguuni.