Sungura Hurudi Kwake

"Usimkimbilie, dada," Kalume aliniambia, mbwa wake walipomfurusha sungura kichakani na kutokomea wakimfuata kwenye theluji. "Simama hapa hapa alipokuwa amelala. Akifukuzwa huzunguka, mwisho hurudi kwake. Lazima arudi."

Tunafanya kazi pamoja ghalani, huku ugenini Shakopee. Hiyo ilikuwa Jumamosi yangu ya kwanza ya kuwinda. Alinipa bunduki, akaenda kusimama mbali.

Niliinama. Kwenye majani makavu sungura alikuwa ameacha umbo la tumbo lake na manyoya machache. Nikavua glavu, nikapagusa. Palikuwa bado na joto.

Kule Kivu, siku ya tatu ya kujificha msituni, mama alisema anarudi nyumbani mara moja tu, achukue chumvi. Watu waliotufukuza hawakuwa wametufuata msituni. Walikuwa wameketi jikoni kwetu, wanamngoja.

Mbwa wakasikika tena, wanakaribia. Sungura akachomoza kati ya miti, amechoka, anakuja moja kwa moja nilipo.

"Sasa, dada! Piga!"

Kidole changu kwenye triga kilikuwa bado na joto la malalo yake.