Pikipiki ya Nyamizi

Zama hizo pikipiki hazikuwa na ufunguo. Kila moja ilimjua mwenyewe kwa mshiko wa mkono wake, na mtu alipokufa, pikipiki yake nayo ilinyamaza. Watu waliziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Masanja hakuiuza ile ya marehemu mkewe, Nyamizi. Kila alasiri aliingia kwenye banda la uani akasugua kutu, akabadili cheni, akapaka tangi rangi ileile nyekundu. Tunu, mke aliyemwoa baada ya msiba, alimpelekea chai, na aliporudi kuchukua kikombe alikikuta kimejaa, kimepoa. Aliona wivu. Mke mwenza aliye hai angegombana naye. Huyu wa chuma angemfanya nini?

Ijumaa moja Masanja alimwita. "Tunu, hebu njoo ushike hapa."

"Si haiwaki kwa mtu mwingine?"

"We shika tu, mke wangu."

Tunu akashika usukani, huku moyoni akiomba pikipiki izidi kunyamaza. Injini ikakohoa, kisha ikanguruma. Sauti ya upole ikatoka karibu na taa: "Karibu, Nyamizi. Umekawia."

Masanja alilengwalengwa na machozi. "Nilijua! Tangu siku ile uliponipa mkono pale sokoni, nilijua."

Hakuwahi kumtazama hivyo, hata siku ya harusi. Tunu alitaka kuachia. Mumewe akaweka kiganja juu ya vidole vyake, akavibana taratibu, akamwambia apande.