Shali ya Mwakio

Siku hizo kila kaburi lilipandwa mforosadi, na hariri ya viwavi waliolishwa majani yake ilisema kwa sauti ya marehemu. Bibi Mghoi, akitamani kumsikia tena mumewe Mwakio, alichuma majani laini ya mti wake na kuyapangusa umande moja moja. Viwavi walipokaribia kusokota hariri wakawa walafi, majani yakaisha. Mjukuu wake Mkawasi akaongeza ya mti wa jirani, marehemu Bi Wakesho.

"Bibi, kwani jani si jani tu?"

"Haya, wasije wakatufia njaa."

Shali ilipokamilika, Mghoi alijifunika.

"Mghoi wangu, umekula?" Mwakio akauliza.

Machozi yakamlengalenga. Mara mwanamke akacheka ndani ya shali, na Mwakio akacheka naye, kicheko ambacho Mghoi hakuwahi kukisikia nyumbani kwake.

Hakuivua. Aliisogeza karibu zaidi na sikio.