Kitambaa Kisichooza

Mwaka mzima umepita, na kitambaa bado kipya.

Muireann alikikodolea macho pale kwenye mti wa miiba, kando ya kisima cha Mtakatifu Brigida, mvua ikimchuruzika shingoni. Vitambaa walivyofunga wenzake vilishaoza na kudondoka, na magonjwa ya wagonjwa wao yakaondoka navyo. Chake, alichokikata kwenye jezi ya binti yake, kiling'aa njano na buluu kama siku ya mechi. Na binti mwenyewe, asubuhi hii, hata kijiko kilimshinda kushika.

"Ulifunga nailoni, mwanangu?" alisema bibi jirani aliyekuja kuchota maji. "Masikini! Hiyo haiozi hata tufe sote. Si ungefunga pamba?"

"Ndiyo nguo aliyoipenda."

"Basi kalete nyingine. Hiyo usiiguse kabisa. Anayefungua kitambaa cha mgonjwa huubeba ugonjwa wake, unajua?"

"Najua."

Fundo lilikuwa limekaza kwa mvua, na vidole vilikufa ganzi.

"Muireann! Acha!"

Akaliinamia, akaling'ata kwa meno, akavuta.