Tarumbeta la Mzee Kondo

Jumapili hiyo bendi ilipiga bure kwenye bustani ya mji, na Mzee Kondo alikaa mbele kabisa na mkewe. Alikuja kulisikiliza tarumbeta lake, aliloiachia bendi daktari alipomkataza kupuliza kwa ajili ya kifua.

Wimbo ulipokwisha, binti aliyelipiga akashuka jukwaani na kumpa Mzee tarumbeta kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu. Lishike japo kidogo."

"Marahaba, mwanangu."

Shaba ilikuwa bado na joto la pumzi za binti. Mzee akalipakata kama mjukuu aliyerudi kutoka mbali.

"Baba Zuhra, kifua chako," mkewe akanong'ona, akimshika mkono.

"Najua."

Taratibu, mkewe akamwachia mkono. Mzee akalowesha midomo.