Ufagio wa Minza

Tangu alfajiri wasakaji walifuata nyayo za aliyemuua mwenye mashine ya kusaga, kila kijiji kikizipokea na kuzikabidhi kwa kingine. Minza aliposikia wanakaribia, akashika ufagio.

Alama zilikuwa uwanjani kwake. Katambuga ya kushoto, kiatu cha tairi, ilikuwa na misumari mitatu kisiginoni. Aliigonga yeye, siku mumewe alipoaga kwamba anafuata dagaa ziwani, Ikola.

Akazifagia moja moja. Hazikuingia kwake. Zilikatisha uwanja mpaka mlangoni kwa mke mdogo, zikapokewa na nyayo ndogo za miguu mitupu.

Ufagio ukasimama.

“Mama, nyayo hujaziona?” kiongozi wa wasakaji akauliza, akiingia uwanjani.

“Nimewabakizia za mlangoni, baba,” Minza akasema. “Za wote wawili.”