Pipi ya Leonsia

Leonsia aliitema pipi sakafuni mbele ya darasa zima, ikabingirika hadi miguuni pa Mwalimu Ernesta. Ernesta aliitazama pipi ile nyekundu ikishika vumbi.

Mwaka ule wa sabini na nne pipi haikuwa kitu cha kuchezea. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti na ahadi. Pipi hizo Ernesta alizitoa kwao Biharamulo, akazifungia sandukuni kama dawa, awape watoto wa darasa la kwanza wanaojibu maswali. Na huyu, ambaye hakuwa amejibu swali hata moja tangu shule ifunguliwe, alipewa yake kabla ya kujibu, tena kwa kubembelezwa.

"Toka nje," alisema Ernesta. "Upige magoti mpaka nikuite."

Maswali ndiyo yaliyokuwa imani ya Ernesta. Walimu wenzake walisoma hadithi, watoto wakaitikia kwa pamoja, kengele ikalia. Yeye alisimulia, kisha akauliza: nani, wapi, kwa nini, umejuaje? Na wewe ungefanyaje? Watoto waliozoea Kihangaza nyumbani walihangaika na Kiswahili chao, lakini walijibu, tena kwa kugombania. Wote isipokuwa Leonsia.

Mwalimu mkuu, Telesfori, alikwisha toa hukumu. Kijiji cha ujamaa kilikuwa kimejaa watoto waliohamishiwa pale pamoja na wazazi wao, wakingoja nafasi shuleni. Mkaguzi atakuja Ijumaa, na mtoto atakayeshindwa kumjibu atarudi nyumbani akaamie ndege shambani. "Wengine Mungu amewanyima kichwa, Mwalimu," alisema huku akichokonoa meno. Ernesta alitamani kumrushia chaki. Kwake hakukuwa na mtoto asiye na kichwa. Kulikuwa na walimu wavivu tu.

Alikwenda hadi kwa bibi yake Leonsia. Bibi na mjukuu walivuka Ruvubu mwaka juzi, wao na watu wengine wengi, wakikimbia mauaji ya Burundi, wakapewa kiwanja mwisho wa kijiji. Ernesta alimpa shikamoo yake, akakaribishwa maharage, akaeleza shida iliyomleta. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwambie tu, mwalimu. Usimuulize."

Ernesta alirudi akinung'unika njia nzima. Huu ndio ujinga tunaopambana nao, alijisemea. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, hataki mjukuu wake afundishwe kufikiri.

Ndipo alipotunga hadithi mpya, nyepesi, kwa ajili ya Leonsia hasa. Sungura anakimbizwa na wawindaji, anajificha kwenye ghala la mtama. Kinda wa kwale anamwona. Wawindaji wanamuuliza kinda kwa upole, naye, kwa kuwa ni mdogo, anawaonyesha. Sungura anakamatwa. Asubuhi hiyo alipomaliza kuisimulia, Ernesta alichuchumaa mbele ya Leonsia, akamtia pipi mdomoni, akatabasamu kwa upole wote aliokuwa nao.

"Haya, mwanangu, niambie. Sungura kajificha wapi?"

Na pipi ikaenda sakafuni.

Wakati wa mapumziko alitoka kumwita, hasira ingali palepale. Alitegemea kumkuta analia. Alimkuta bado kapiga magoti kwenye changarawe, watoto wenzake wamemzunguka, naye anawasimulia hadithi ileile. Ernesta alijibanza nyuma ya ukuta akasikiliza. Kiswahili kilimtoka mtoto bila kukwama. Sungura alikuwemo, ghala lilikuwemo, hata ile sauti ya upole ya wawindaji ilikuwemo. Ila mwishoni kinda alifumba mdomo. Wawindaji walimuuliza, wakamuuliza tena, wakachoka, wakaenda zao. Jua likatua. Sungura akatoka ghalani, akarudi nyumbani kula.

Kumbe anajua. Kumbe miezi yote hii mtoto huyu alikuwa anamchezea shere, yeye akigombana na mwalimu mkuu kwa ajili yake. Ernesta alimshika mkono, akamwingiza darasani, akamuuliza kwa nini anaharibu hadithi ya watu. Mbona kwa wenzake anasema? Je, anataka kufukuzwa Ijumaa? Leonsia alikodolea macho pale pipi ilipoangukia. Haikuwepo tena, wenzake walikwisha iokota, vumbi na vyote.

"Sawa," alisema Ernesta. "Mimi nimechoka kuuliza. Leo uliza wewe. Swali moja tu juu ya hadithi hii, nami nitakwenda sasa hivi kumwambia mwalimu mkuu kwamba kichwa unacho."

Leonsia alifikiri sana. Alijifuta changarawe magotini, goti moja kisha la pili. Halafu akainua uso na kumtazama mwalimu wake.

"Mwalimu," aliuliza, "yule kinda alipowaonyesha askari ghala alimojificha baba yake, ile pipi waliyompa aliimaliza?"